Picha za Mwenye Biashara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenye biashara ndogo: fundi cherehani, mpishi wa keki, msusi, mpambaji wa sherehe, dalali wa nyumba, mwalimu wa tuisheni, mwanasheria anayeanza kusimama mwenyewe. Napiga picha Dar es Salaam na mifano mingi ni ya hapa, ila anayeuza kwa simu akiwa Mombasa, Arusha au Bujumbura atajikuta humu. Maswali mengine yana majibu marefu kuliko mengine. Hayo marefu ndiyo yanayokula hela za watu.

Picha za chapa binafsi ni nini? Si pasipoti iliyopigwa vizuri tu?

Hapana. Pasipoti inasema hii ni sura ya fulani, basi. Picha za chapa binafsi ni seti nzima inayomwonyesha mwenye biashara, kazi yake, mahali pake na namna anavyomhudumia mtu. Kwa msusi, seti hiyo ina uso wake, mikono yake ikiwa kwenye nywele, kiti cha saluni, mteja anajitazama kwenye kioo, na mlango wa fremu, yaani chumba cha biashara, kwa nje pamoja na kibao chake. Picha moja inakwenda WhatsApp, nyingine Instagram, nyingine kwenye ramani ya Google, nyingine kwenye kadi au bango.

Kwenda kupigwa picha ili uonekane unavyotaka kuonekana si jambo geni kwetu. Zanzibar, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930, na vizazi vimeoga, vikavaa vizuri na kwenda kukaa mbele ya kamera pale. Tofauti ni mtazamaji. Picha ya zamani ilitundikwa sebuleni au ikatumwa kwa ndugu. Hii ya leo inatazamwa na mtu asiyekujua, mwenye hela mkononi, ambaye bado hajaamua.

Mimi nauza nguo, siuzi sura yangu. Kwa nini nijionyeshe?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza wana hoja. Fuatilia kwanza jinsi ununuzi wenyewe unavyokwenda.

Mtu yuko Mbeya. Ameona gauni kwenye ukurasa wa duka la Sinza. Anaingia DM, anauliza bei, mnahamia WhatsApp, anachagua saizi, unampa namba ya kulipia. Sasa anatakiwa atume hela kwanza, kisha mzigo upakiwe kwenye basi. Hapo ndipo anaponyamaza. Wauzaji wengi hudhani ameona bei kubwa. Mara nyingi bei haina shida. Ana dada au rafiki aliyetuma hela akablokiwa, na hilo ndilo linalomzunguka kichwani. Uzuri wa gauni ameshauona. Asichokijua ni kama mzigo utafika.

Picha ya gauni, hata ingepigwa na bingwa, haina uwezo wa kumjibu. Akaunti ya tapeli nayo ina magauni mazuri, tena pengine ni yako, yameokotwa kwenye ukurasa wako. Isichokuwa nacho ni mtu. Haina fundi aliyeinama kwenye cherehani, haina mlango wa duka unaojirudia, haina mkono unaofunga mzigo na kuandika jina juu yake. Kwenye akaunti hiyo kila picha ina ukuta wake na mwanga wake kwa sababu kila picha ina mwenyewe tofauti. Ukurasa wenye uso uleule, fremu ileile na meza ileile mwezi hadi mwezi ni kazi ngumu kuigiza.

Halafu kuna jina. Anayelipa kwa M-Pesa, Mixx by Yas au Airtel Money huliona jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri. Ukurasa una jina la kike, hakuna uso hata mmoja, na jina linalotokea kwenye simu ni la mwanamume: hata mimi ningerudi nyuma. Chukua lipa namba kwa jina la biashara, au andika mapema kwenye maelezo ya ukurasa kuwa malipo yanapokelewa kwa jina fulani. Picha, jina la ukurasa na jina la malipo vimwelekeze mteja kwa mtu mmoja. Mpiga picha hawezi kukufanyia hilo, na bila hilo kazi yake inapungua nguvu.

Kwa hiyo nikipiga picha nzuri wateja watakuja?

Watakuja kutazama. Kama kila posti ina "bei njoo inbox", na anayekuja inbox anajibiwa kesho yake jioni, picha imefanya kazi yake na wewe umeivunja. Picha inamfikisha mtu mlangoni akiwa hana wasiwasi sana. Bei, lugha yako na kasi ya kujibu ndivyo vinavyomwingiza ndani.

Sisemi hivi ili kujikinga. Wapo watu ninaowaambia wasilipie picha bado: mwenye bidhaa ambayo haijatulia, anayehama fremu mwezi ujao, anayebadilisha jina la biashara. Subiri kwanza.

Tunapiga nini hasa siku hiyo?

Tunaanza na hofu za mteja wako, kisha tunazitafutia picha. Kila kazi ina hofu yake.

Mteja wa fundi cherehani anaogopa nguo kutokuwa tayari siku ya harusi au Idi. Basi tunapiga nguo zilizokamilika zimetundikwa, kila moja na karatasi yake ya jina na tarehe, na fundi yupo pembeni anakagua pindo. Mteja wa mpishi wa keki anaogopa keki kufika imebonyea. Tunapiga boksi, namna keki inavyowekwa ndani, na safari yake mpaka kwenye gari. Anayetafuta nyumba anaogopa kulipa hela ya kuonyeshwa halafu aambiwe nyumba imeshachukuliwa. Dalali huyo napenda kumpiga akiwa ndani ya nyumba, anafungua dirisha, anafungua bomba maji yatoke. Suti na tai mbele ya ukuta mweupe hazimsaidii kitu. Mteja wa mpambaji anaogopa kwamba ukumbi ulio kwenye picha ni wa mtu mwingine, kwa hiyo tunahitaji ukumbi mtupu, timu ikiwa juu ya ngazi, na ukumbi huohuo umekamilika, vyote siku moja.

Mwanasheria, mhasibu au mshauri hana kitu cha kushikika, na wengi wa hawa hukimbilia picha ya mikono iliyokunjwa kifuani. Nimeipiga mara nyingi mno, na hainiambii chochote kuhusu mtu. Hofu ya mteja wao ni kudharauliwa au kuelezwa kwa maneno asiyoyaelewa. Mpige akiwa ameketi upande mmoja wa meza na mteja, kalamu mkononi, anaeleza.

Juu ya hizo tunapiga chache za kawaida: uso kwa karibu ukitazama kamera, mwili mzima, mikono ikifanya kazi, mlango kwa nje. Nyingine tunaziacha na nafasi tupu upande mmoja ili baadaye uandike ofa au tarehe. Laputopu usiyoitumia na kikombe cha kahawa usiyoinywa vibaki nyumbani.

Nivae nini?

Unachovaa siku ambayo mteja wako bora anakuja, kikiwa kimepigwa pasi. Milia myembamba iepuke, kamera huifanya ichezecheze kama mawimbi. Nyeupe tupu juani hupoteza mikunjo yote na kuvuta jicho kutoka usoni. Kitenge chenye maua makubwa kinapendeza mno, ila kama unauza vitenge vyenyewe, vaa rangi moja ili bidhaa isishindane na muuzaji wake. Njoo na nguo mbili, tatu zikizidi. Na kama kazi yako ni ya kuchafuka, aproni yenye unga au ovaroli yenye grisi ina heshima yake. Usiifue mpaka ikapauka.

Saa ngapi ni nzuri kwa picha za nje?

Saa moja mpaka saa mbili na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana hupita utosini kabisa. Hata miezi mingine saa sita haliko mbali na hapo. Mwanga unaotoka juu moja kwa moja unatia mashimo meusi machoni na kivuli chini ya pua, na wewe unakunja uso usione hata kamera iko wapi.

Kama muda wako ni mchana tu, tunaingia kivulini. Kibaraza, veranda au mlango wa fremu unaotazama barabara hutoa mwanga laini kuliko taa nyingi za kukodi. Simama hatua moja ndani ya kivuli, uso uelekee nje. Njoo na leso pia, maana joto la Januari halijali poda.

Kwa nini picha nyingi zinanitoa mweusi tii au kama nimepakwa majivu?

Kosa si la ngozi yako. Kamera iliyoachwa ijiamulie hupima mwanga wa eneo zima na kujaribu kuuleta katikati, kwenye kijivu. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe au dirisha, kamera inaona mwanga mwingi, inaupunguza, na uso wako unazama. Mpiga picha asiyejali hulirekebisha baadaye kwa kuinua mwanga kwenye kompyuta, na hapo ndipo majivu yanapotokea, kwa sababu rangi iliyokwisha kuzama hairudi ilivyokuwa.

Jambo hili lina historia. Kwa miongo mingi maabara zilizosafisha filamu za rangi za Kodak zililinganisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha rangi sahihi. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kutolewa miaka ya 1990. Kwenye simu, Google ilianza kutangaza marekebisho ya ngozi nyeusi kwa jina la Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka 2021. Kwa hiyo kama umewahi kuambiwa "wewe hutoki vizuri kwenye picha", aliyekuambia alikuwa na kamera ambayo hakuielekeza.

Dawa yake ni kupima mwanga usoni, si ukutani, na kutumia mwanga mpana unaotoka ubavuni. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao, na mng'ao unahitaji kitu kikubwa cheupe cha kuakisi: dirisha, pazia, hata shuka. Mafuta kidogo yasifutwe yote. Kabla hujamlipa mtu, muombe picha alizopiga za watu wa rangi tatu tofauti wakiwa wamesimama pamoja. Hapo utajua.

Mtanisafisha uso?

Chunusi ya wiki hii tunaitoa. Kovu la miaka linabaki, labda uombe mwenyewe. Hatubadilishi rangi ya ngozi, hatupunguzi kiuno, na filta ya kung'arisha haipiti kwetu. Najua wapo wanaofanya, na wateja wao hufurahi siku ile ya kwanza. Kisha mtu anafika dukani, anamtazama mwenye duka na kuuliza: "Samahani dada, mwenyewe yupo?"

Naweza kujipiga kwa simu?

Unaweza, na kwa posti za kila siku unapaswa. Mpiga picha wa kulipwa hawezi kuwa nawe kila mzigo unapofika kutoka Kariakoo. Mambo machache hubadilisha kila kitu. Futa lenzi; simu inayokaa mfukoni na kwenye mkoba ina mafuta, na ukungu ule watu huudhania ni ubovu wa kamera. Tumia kamera ya nyuma. Zima taa ya dari ukiwa karibu na dirisha, kwa sababu taa na jua vina rangi mbili tofauti na vikichanganyika usoni hakuna programu itakayovitenganisha. Gusa uso kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, kisha telezesha kidole kuongeza au kupunguza mwanga.

Na rudi nyuma. Simu ikiwa karibu na uso, pua inakua na masikio yanakimbia. Mpe mtu akupige kutoka hatua tatu au nne, akiwa amevuta kwa 2x kama simu yake inayo. Ile ya 0.5 iache kwa ajili ya kuonyesha duka zima.

Kitu ambacho simu haitakupa ni jicho la mtu mwingine. Mwenye biashara huwa haoni tena ndoo iliyo nyuma yake.

Sitaki kuonyesha uso wangu. Nifanyeje?

Hapa pwani swali hili ni la kawaida, na halihitaji maelezo. Wengine ni kwa sababu ya dini, wengine familia hazitaki, wengine wameajiriwa na biashara ni ya pembeni. Hakuna anayelazimika kuonyesha uso ili auze.

Anachohitaji mteja ni ushahidi wa mtu halisi, na uso ni ushahidi mmoja tu. Mikono ni ushahidi: hina, pete ileile, saa ileile, ikipinda sambusa au ikishona shanga. Mgongo ni ushahidi, ukiwa umesimama mbele ya rafu zako. Sauti ni ushahidi mkubwa kuliko tunavyodhani. Video ya mikono ikipakia mzigo huku unaeleza kilichomo na unakokwenda huwatuliza watu kweli. Mpishi anayevaa nikabu anaweza kuwa na ukurasa unaotambulika kwa sufuria moja, kitambaa cha meza cha rangi moja na dirisha moja. Chagua vitu viwili au vitatu vya kudumu na usivibadilishe ovyo, kwa sababu hapo ndipo wateja watakapokujulia.

Ukiamua njia hii, iamue kabla ya siku ya kupiga na umwambie mpiga picha, tena kwa maandishi. Asipige uso kwa ajili ya "tuwe nazo tu". Picha isiyokuwepo haiwezi kuvuja.

Na picha za kutengenezwa na akili mnemba? Ni bei rahisi.

Kwa kujaribu mitindo au rangi za bango, tumia. Kwa picha ya wewe mwenyewe mbele ya mteja anayekuogopa, unajichimbia shimo. Programu itakupa suti usiyonayo, ofisi isiyokuwepo na meno ya mtu mwingine. Tangu 2024 Meta imekuwa ikiziwekea alama baadhi ya picha za namna hiyo kwenye Facebook na Instagram, kwa hiyo mtu anaweza kuiona alama chini ya uso wako. Mteja ambaye wasiwasi wake wote ni kama upo au haupo, unampa picha ya mtu ambaye hayupo?

Naweza kutumia picha zenye wateja wangu?

Kwa ruhusa yao, na ruhusa iwe na kumbukumbu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019, na huko imeuma: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na mgahawa mmoja wa burudani shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja iliyowekwa mtandaoni bila ridhaa yake.

Si lazima iwe karatasi ya mwanasheria. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia: "Dada, naomba kutumia picha hii ya nywele zako kwenye ukurasa wetu, unaridhia?" na jibu lake ukalihifadhi. Akibadili mawazo baadaye, ifute bila mabishano. Kwa watoto, mzazi ndiye anayejibu, na mwalimu wa tuisheni afadhali apigwe na ubao na madaftari kuliko nyuso za wanafunzi.

Tunaweza kupiga popote?

Si popote. Kambi za jeshi na Ikulu usizielekezee kamera hata kwa utani. Hoteli na maduka makubwa yana utaratibu wao, na mlinzi atakuja, tuombe mapema. Droni inahitaji vibali, na kwa biashara nyingi ndogo haina maana yoyote.

Picha zikishalipiwa ni za nani?

Andikeni. Hapa nchini kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ugomvi mwingi ninaousikia ungezuiwa na mistari mitano ya makubaliano: picha ngapi zilizohaririwa, utazitumia wapi, kwa muda gani, kama mpiga picha anaruhusiwa kuzionyesha kwenye ukurasa wake, na kama unaweza kumpa mtu wa tatu, mfano kampuni ya mavazi unayoiuzia. Usiandike tu "picha zote".

Kwa nini picha kali nikiituma WhatsApp inakuwa na ukungu?

Kwa sababu WhatsApp huibana ili isile bando. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD unapotuma picha, kitumie. Kwa faili utakalotaka kulichapisha, litume kama dokumenti, hapo halibanwi. Usichukue picha yako mwenyewe kutoka kwenye statasi ya mtu ukaiposti tena. Kila mzunguko inapoteza kitu.

Tunakukabidhi kila picha kwa maumbo mawili au matatu. Posti ya wima ya Instagram ni pikseli 1080 kwa 1350. Stori na statasi ni 1080 kwa 1920. Picha ya profaili hukatwa duara, kwa hiyo uso uwe katikati na mkubwa, ionekane hata ikiwa ndogo kama kifungo cha shati. Nembo yenye maandishi madogo hapo haisomeki. Mwaka 2025 Instagram iliacha miraba kwenye gridi ya profaili na kuingia maumbo marefu, na wengi wakakuta picha zao zimekatwa pembeni. Kama ukurasa wako bado una picha za zamani, pitia uone.

Usisahau katalogi ya WhatsApp Business na wasifu wako wa Google. Kwenye Google, picha ya mlango kwa nje ni muhimu kuliko zote, kwa sababu anayeitazama yuko bodaboda tayari.

Bei zinatofautiana sana. Nilinganisheje?

Usilinganishe kwa idadi ya picha. Mia mbili zisizochaguliwa ni mzigo, ishirini zilizopangwa ni kazi ya miezi. Uliza muda wa kupiga, idadi ya zilizohaririwa, nani anakodi eneo, usafiri ni wa nani, unazipata lini, na ukitaka marekebisho mwisho ni mara ngapi. Uliza pia kama atakuja kuiona fremu yako kabla ya siku yenyewe. Asiyeuliza chochote kuhusu wateja wako kabla ya kutaja bei atakupiga kama anavyompiga kila mtu.

Sisi tunachukua nusu kabla, nusu siku ya kukabidhi.

Sijui kukaa mbele ya kamera. Nakauka.

Karibu kila mtu hukauka. Ndiyo maana hatuanzi na uso. Tunaanza na mikono na kazi. Ukishasahau kuwa tupo, tunapanda juu. Njoo na mtu anayekuchekesha, asiwe mtu anayekukosoa. Mume au mke mwenye maoni mengi abaki nyumbani siku hiyo, tafadhali.

Watu wanaiba picha zangu. Nitie maandishi makubwa katikati?

Maandishi makubwa yanamkera mnunuzi kuliko mwizi. Weka jina dogo mahali pasipokatika kirahisi, juu ya bidhaa badala ya pembeni, na changanya picha za bidhaa na zile ulizomo wewe au mikono yako, maana hizo mwizi hazimfai. Tunza mafaili ya asili. Akaunti ya kujifanya wewe ikitokea, iripoti kwa kuiga mtu, waambie na wateja wako wairipoti, na weka tangazo lenye uso wako na namba yako halisi.

Nitajuaje kama zimelipa?

Laiki sizihesabu. Kila mteja mpya muulize, "Umenipata wapi?" na uandike kwenye daftari, na kama ni mkoani andika pia kama alilipa mara moja au alisitasita. Fanya hivyo mwezi mmoja kabla ya picha mpya na miezi miwili baada yake. Dalili ninayoiamini zaidi ni kupungua kwa ujumbe wa aina ya "Nitumie video ukiwa dukani sasa hivi." Maswali yakihamia kwenye saizi, rangi na siku ya kufika, mambo yanakwenda.

Nipige tena baada ya muda gani?

Ukihama, ukibadili huduma, au ukibadilika sura kiasi kwamba mteja atashangaa. Msusi na mshonaji wanahitaji mara nyingi zaidi, mitindo inazeeka. Mhasibu anaweza kukaa miaka miwili bila shida.

Mvua ikinyesha, au umeme ukikatika?

Mvua ya masika tunaiheshimu. Tukiwa na ratiba ya nje Aprili, tunaweka na siku ya akiba. Mawingu peke yake hayatuzuii, hutupa mwanga mzuri. Umeme ukikatika tunasogea dirishani, betri zipo. Saluni tu ndiyo tunaahirisha, kwa sababu msusi bila draya anamfanyia nini mteja aliyelowa kichwa?